Maandishi Chini ya Mtutu

Aimo Rautavuori alikuwa mtu wa kujua, na wanaojua sana wana tabu yao. Alikuwa amekereza chuma kiwandani miaka thelathini na nane pale Riihimäki, Ufini, akastaafu na mgongo mbovu na macho mazima. Ukimwekea mezani bunduki ya vita, hasa zile ambazo Wamarekani walimtengenezea mfalme wa Urusi, angekuambia imetoka kiwanda gani, mwaka gani, mkaguzi gani aliigonga muhuri wake, na kama kuna kisehemu kimebadilishwa angekiona kabla hujavuta kiti. Wala asingekuambia kwa upole.

Bunduki hizo ndizo zilizomroga. Mwaka 1915 Mrusi alizidiwa na vita, viwanda vyake havikutosha, akaagiza Marekani bunduki laki kadhaa za muundo wake mwenyewe. Wamarekani wakazitengeneza kwa vipimo vya Kirusi, na kabla hazijamalizika kukabidhiwa, mfalme mwenyewe akaangushwa. Mzigo ukatapakaa duniani kama kuku waliofunguliwa banda. Nyingi ziliangukia kwa Wafini, nao wakaja kupigana nazo na Mrusi huyo huyo aliyeziagiza. Aimo alikuwa nazo kumi na moja ndani ya kabati la chuma, kila moja na kibali cha polisi na daftari lake.

Jumamosi moja ya Septemba mwaka 2009, mwanamke mmoja aliyepanda treni mbili kumfuata alibisha mlangoni. Alijitaja kuwa ni Sylvi Kortesniemi wa kijiji cha Suojalahti. Alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua, na mkononi ana mfuko wa mkate ambao haukuwa na mkate. Aimo alimkaribisha kahawa kama inavyopasa, akamkatia na andazi la hiliki, akingoja aseme shida yake.

"Nimeambiwa wewe una orodha ya namba za bunduki," Sylvi akasema.

"Sina orodha, nina bunduki. Orodha wanazo wavivu."

Sylvi hakucheka. Alitoa mfukoni kitabu kidogo cha askari, kimechakaa pembe zote, akakifungua na kuweka kidole juu ya mstari mmoja. Namba ilikuwa 318442.

Aimo aliisoma mara moja tu. Hakuhitaji kuangalia daftari lolote. Mkusanyaji hujua namba za bunduki zake kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake, na Aimo watoto hakuwa nao. Aliinuka, akafungua kabati, akaitoa ya nne kutoka kushoto na kuilaza juu ya kitambaa cha meza.

"Hiyo hapo," akasema, na sauti yake ikajaa fahari hata yeye mwenyewe akaisikia. "Ya baba yako?"

Sylvi aliweka mkono juu ya mtutu, akauondoa haraka, akauweka tena. Kisha akaeleza.

Baba yake, Vilho, alipigana na Mrusi katika vita vya majira ya baridi kwenye barafu ya ghuba ya Viipuri, Machi mwaka 1940. Alirudi kijijini bila bunduki, na maneno yakamtangulia: Vilho aliitupa bunduki akakimbia. Mwenyewe alikana mpaka anakufa. Alisema mbao inayoubeba mtutu ilipasuka, akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe kwa fundi wa silaha nyuma ya mstari wa vita, akapewa nyingine. Hakuna aliyemwamini ila binti yake.

"Nilikuwa na mchumba," Sylvi akasema. "Tauno Ylikoski. Mwaka sitini na moja tumekaa mezani kwa mama yake, akayarudia maneno yale, eti kila mtu anajua. Nikaivua pete nikaiweka kwenye sahani ya siagi, nikaondoka. Sijasema naye mpaka leo."

"Mpaka leo? Na mnaishi kijiji kimoja?"

"Kijiji kina njia mbili."

Sasa Tauno huyo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa akiandika kitabu cha kijiji na vita. Katika rasimu iliyowekwa maktabani, ukurasa wa sitini na mbili, kulikuwa na sentensi moja: Vilho Kortesniemi aliiacha bunduki yake barafuni. Sylvi alimwandikia barua aiondoe. Tauno akajibu kwa barua kwamba mwandishi hafuti jambo kwa sababu limemuuma mtu. Alete ushahidi kabla ya tarehe mosi Novemba, siku kitabu kinapopelekwa kuchapwa.

"Mpigie simu basi mzungumze."

"Simpigii."

Aimo akapiga meza kwa kiganja. "Haina haja! Ushahidi si huu hapa? Angalia, muhuri wa jeshi letu, herufi mbili ndani ya kisanduku. Bunduki iliyoachwa barafuni ingekuwa kwa Mrusi, isingekuwa kwangu."

"Nilimwuliza kwa barua itakuwaje ikionekana huku kwetu," Sylvi akasema kwa uchovu. "Anasema Warusi waliziokota zetu mwaka arobaini, na sisi tukazinyang'anya tena mwaka arobaini na moja. Kwa hiyo kuwepo kwake hapa hakuthibitishi kitu. Anataka kitu cha Machi ile ile."

Aimo akasukuma kikombe pembeni. Kilichomkera ni kwamba yule Tauno alikuwa sahihi. Yeye mwenyewe angemjibu vivyo hivyo mtu yeyote aliyemletea hadithi kama hiyo, tena kwa dharau zaidi.

Hapo ndipo alipokumbuka penseli.

Aliinunua bunduki ile mwaka 1993 kwa mkulima mmoja. Wakati ule ilikuwa na mbao ya Kifini: nusu ya nyuma ya zamani, nusu ya mbele imeungwa na mafundi wa jeshi kwa meno yaliyoshikana kama vidole vya mikono miwili. Na alipoinua mtutu siku ile, chini yake, kwenye mfereji ambako hakuna jua wala mvua, palikuwa na maandishi ya penseli. Mkono wa fundi wa silaha. Na tarehe, ndiyo, tarehe ilikuwepo!

Alilikimbilia daftari. Kurasa tisa za 318442. Tai wa mkaguzi wa Kimarekani, urefu wake na upana wake. Herufi kwenye komeo. Herufi chini ya komeo. Alama isiyosomeka kwenye bamba la kitako, imechorwa kwa mkono mara tatu. Ukurasa wa tisa, mstari wa mwisho, akaanza kusoma kwa sauti kabla akili haijamwambia anyamaze:

"Mbao ya Kifini, imeungwa. Kiraka cheupe cha mti wa mbetula upande wa kushoto, milimita 41 kwa 12. Ndani ina maandishi ya penseli. Si ya asili. Imeondolewa."

Sylvi alingoja. "Yanasemaje?"

"Sikuyaandika."

"Umepima kiraka, maandishi hukuyaandika?"

"Hayakuwa ya Kimarekani," Aimo akasema, na uso ukamwiva mpaka masikioni.

Mtu asiye wa fani hii hataelewa, lakini wenzake wote wangemwelewa. Mkusanyaji anataka kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani. Alitafuta miezi miwili mbao ya mjozi, ya Kimarekani, ya mwaka ule ule, akaivisha bunduki, akaonea fahari. Kila kilichoipata ile bunduki baada ya kuvuka bahari, vita viwili na mikono ya watu, kwake kilikuwa uchafu wa kusafisha. Na uchafu hauandikwi daftarini.

"Na hiyo mbao iko wapi sasa?" Sylvi akauliza.

"Niliibadilisha na mkanda wa ngozi," Aimo akasema. "Alichukua Pena."

Pentti Lampela, Pena kwa wote, alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini na mshindani wake wa miaka thelathini na moja. Aliishi Lahti, alikuwa na sharubu na maneno mengi. Sylvi alipoondoka kuwahi treni, Aimo alimpigia simu hapo hapo.

"Mbao ya mwaka tisini na tatu?" Pena akasema. "Bwana wee, mimi nakumbuka nilichokula jana? Ile ilikuwa kuni. Nilichoma kwenye jiko la sauna."

"Ulichoma mbao ya jeshi saunani?"

"Wewe si ndiye uliyesema takataka? Nakumbuka neno lako kabisa, 'takataka'. Sasa leo imekuwa almasi?"

Aimo alikata simu. Neno lile kweli alilisema, na hilo ndilo lilimuuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo alijaribu kuyazoa. Aliandika kwa watunza kumbukumbu wa jeshi kuuliza vitabu vya fundi wa silaha wa kikosi cha Vilho. Jibu lilichukua wiki tatu na lilikuwa na mistari mitatu: vitabu hivyo havipo, inawezekana havikuwahi kuwepo, asante kwa kuuliza. Aliendesha gari mpaka kwa yule mkulima aliyemuuzia. Mkulima alikwisha kufa, na mwanawe alitaka tu kumuuzia trekta. Alikaa mezani jioni na jioni akijaribu kuyaona tena yale maandishi kichwani. Aliiona penseli. Aliuona mwandiko umelala kulia. Maneno yenyewe yalikataa. Alijikuta akitukana peke yake jikoni, na jirani wa juu akagonga sakafu.

Kila Jumapili Sylvi alipiga simu. Hakulaumu. Aliuliza tu, "Kuna jipya?" Na Aimo akajibu, "Bado," na kila "bado" ilikuwa nzito kuliko ya wiki iliyopita. Laiti angemtukana, Aimo angepumua.

Jumamosi ya tatu ya Oktoba wakusanyaji walikutana kama kila mwaka kwenye ukumbi wa shule, na polisi mmoja mlangoni anapiga miayo na kuangalia vibali. Meza arobaini, supu ya njegere, mandazi, na wanaume wenye vioo vya kukuzia wakiinama na kuguna. Aimo aliilaza 318442 mezani pake na kadi yake ya siku zote: Yote asili ya kiwanda. Kisha akazunguka bila hamu. Alimfikia Pena.

Bunduki ya Pena ilikuwa juu ya kitambaa cha kijani, na kadi yake ilijulikana na wote: Haijaguswa tangu 1944. Ilikuwa fahari ya Pena. Kila mwaka Aimo alipita hapo bila kuangalia mara mbili, kwa sababu ilikuwa na mbao ya Kifini, na mbao ya Kifini haikumhusu. Mwaka huu wiki sita zilikuwa zimemfundisha kuangalia. Aliinama. Upande wa kushoto, chini ya pete ya kwanza, palikuwa na kiraka cheupe cha mbetula.

Alitoa kalipa, kile kipimio chake cha milimita, mfukoni, maana fundi wa chuma haendi popote bila kalipa, akapima. Arobaini na moja. Akaigeuza, akapima upana. Kumi na mbili.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliinua macho, akamkuta Pena amekwisha kuwa mweupe kuliko kile kiraka.

"Sauna yako haiunguzi vizuri," Aimo akasema.

"Sauti chini," Pena akanong'ona. "Aimo, ndugu yangu, sauti chini. Mtutu niliupata bila mbao, sawa? Mbao nilikuwa nayo. Vikakaa kama vimezaliwa pamoja. Mtu mmoja akauliza kama ni ya tangu vita, nikasema ndiyo, kumaliza maneno. Basi ikaenda hivyo."

"Miaka kumi na sita?"

"Uongo ukishakuwa na kadi unautoaje?"

"Fungua skrubu mbili. Nataka kusoma, sitaki kingine."

"Humu? Mbele ya watu sitini? Nikigusa skrubu ya bunduki ambayo 'haijaguswa', mimi nimekwisha. Nitauza vyote nikaanze kufuga nyuki." Alimshika mkono. "Ngoja Desemba. Njoo nyumbani, tutafungua taratibu."

"Kitabu kinachapwa tarehe mosi!"

"Kitabu gani?"

Aimo akamweleza, kwa hasira, kwa maneno machache, mambo ya Vilho na Sylvi na pete kwenye siagi. Pena alisikiliza akiwa anatazama viatu vyake. Mwishoni akatikisa kichwa. Hakukataa wala hakukubali. Alitikisa tu kama mtu anayeumwa jino.

Aimo alitamani kumpiga. Alitamani kuibeba ile bunduki na kukimbia nayo, jambo ambalo lingempendeza sana yule polisi wa mlangoni. Badala yake alirudi mezani pake, na alipofika macho yake yakaangukia kadi yake mwenyewe. Yote asili ya kiwanda. Akaisoma mara mbili. Kisha akachukua kalamu, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: SI KWELI. MBAO NIMEIBADILISHA MWENYEWE 1993. A. RAUTAVUORI.

Wa kwanza kusoma alidhani ni mzaha. Wa pili akamwita wa tatu. Ndani ya dakika tano palikuwa na kundi.

"Aimo, wewe? Wewe uliyenifukuza hapa kwa sababu ya skrubu moja?" mmoja akauliza kwa furaha ambayo hakuificha.

"Mimi. Cheka, una haki."

Walicheka, na wengine hawakucheka. Mzee mmoja alimgeuzia mgongo kabisa. Aimo alisimama pale masikio yakimwaka, akajiona mjinga, na hakuona kuwa imemsaidia chochote. Ndipo alipoguswa bega. Alikuwa Pena, na bunduki yake mkononi, na bisibisi.

"Njoo jikoni," Pena akasema. "Kabla sijabadili nia."

Jikoni mwa shule palinuka njegere. Walisukuma masufuria, wakatandika taulo. Pena alifungua skrubu mbili, akavua pete, akauinua mtutu. Aimo akawasha tochi yake ndogo.

Penseli ilikuwepo. Imara, nyeusi, kama imeandikwa jana, mistari miwili:

Imeokotwa barafuni, mwenyewe hayupo.
Mbao ilipasuka, imeungwa. 5.3.40.

Waliisoma kila mmoja kivyake. Mashine ya kahawa ikakoroma, ikanyamaza.

"Basi aliitupa," Pena akasema.

Aimo akaweka tochi chini. Wiki sita. Alikuwa ametafuta, amejiaibisha mbele ya watu sitini, amemwaibisha na rafiki yake, kumbe alikuwa akimtafutia yule mwanamke fimbo ya kumpigia baba yake. Alihisi hasira ambayo haikuwa na wa kumwangukia. Fundi wa silaha alikwisha kufa, Vilho alikwisha kufa, na penseli haina kosa.

"Sikiliza," Pena akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Nina raba. Mstari wa kwanza unafutika. Unabaki wa pili: mbao ilipasuka, imeungwa, tarehe. Hilo ndilo alilosema baba yake. Yule mwalimu anafuta sentensi, mama anafurahi, na hakuna aliyeumia. Utakuwa umeandika uongo? Hapana. Hutaandika kitu."

Aliitoa raba kweli, kipande cha kijivu, akaiweka juu ya taulo. Na Aimo aliichukua. Hilo lazima lisemwe. Aliishika kati ya vidole na kuinama juu ya mfereji, na pumzi yake ikaacha ukungu juu ya mbao. Kilikuwa kitu rahisi mno. Angeokoa nusu ya ukweli na mwanamke mzima.

Akainuka.

"Mbao hii nimeshaifuta mara moja," akasema. "Niliifuta yote. Siwezi tena, Pena. Na ungekuwa wewe ndiye Tauno, mimi ningeiona alama ya raba kutoka mlangoni."

"Ungeiona wewe. Tauno hataiona."

"Ndiyo maana siwezi."

Pena alichukua raba yake, akaitia mfukoni. Kisha akamfungia mbao kwenye taulo la shule, na yeye akarudi ukumbini na mtutu mtupu, kuwaeleza watu.

Kesho yake, Jumapili, Aimo hakungoja simu. Aliendesha gari saa tatu mpaka Suojalahti, njia nzima akipanga maneno na kuyapangua. Angeanza na mbao kupasuka. Hapana, angeanza na tarehe. Alipofika na kumwona Sylvi mlangoni uso umechangamka kwa kukiona kifurushi, maneno yote yalimtoka.

"Imepatikana," akasema. "Lakini si nzuri."

Akaifungua juu ya meza ya jikoni, akamwashia tochi. Sylvi alivaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma mara ya tatu, na Aimo akaangalia dirishani, kwenye uwanja wenye majani yaliyooza.

"Mwongo mkubwa!" Sylvi akasema.

Aligeuka, akaupiga mlango wa kabati kwa kiganja, vikombe vikalia ndani. "Alinitazama machoni! Kila mkesha wa Krismasi aliniambia, 'Kwa mkono wangu mwenyewe, Sylvi, nilimkabidhi fundi kwa mkono wangu mwenyewe.' Mimi nimegombana na kijiji kizima. Nimeacha mwanamume kwa ajili ya mkono huo!"

"Nusu ni kweli," Aimo akasema. "Mbao ilipasuka kweli, imeandikwa. Mtu na bunduki iliyopasuka, kwenye barafu tupu, mabomu yanaanguka..."

"Usinipe nusu, Bwana Aimo. Nusu ndiyo niliyoishi nayo."

Aimo akazima tochi. Alikuwa na mengine: raba, jikoni, kile ambacho angeweza kufanya na hakufanya. Aliona haya kuyasema, kama mtu anayetaka asifiwe kwa kuleta msiba. Alitamani asingelijua lile kabati lake, wala namba zake, wala Marekani yenyewe.

Sylvi alikaa. Aliweka mkono mmoja juu ya mbao, kidole kikipita juu ya ule mfereji bila kugusa penseli. Kisha akavuta simu ya mezani, akabonyeza namba. Hakuitafuta popote. Alikuwa anaijua kwa kichwa.

"Tauno," akasema. "Ni Sylvi."

Simu ilikuwa ya wenye masikio mazito, kila kitu kilisikika jikoni.

"Sylvi wa Vilho," akaongeza.

"Nimekujua," ikasema sauti ya kizee.

"Ulisema kweli. Aliiacha barafuni, tarehe tano Machi au kabla. Nina maandishi ya fundi mbele yangu. Kwa hiyo sentensi yako iache kama ilivyo."

Aimo alisikia saa ya ukutani, na hakujua kama ni ya hapa au ya kule.

"Haipo," Tauno akasema. "Niliitoa wiki ile ile barua yako ilipofika."

"Uliitoa? Si ulidai ushahidi!"

"Nilidai. Nilidhani utakuja kunigombeza mwenyewe."

Aimo akashika kichwa kwa mikono miwili. Wiki sita! Kadi, Pena, nyuki, mzee aliyemgeuzia mgongo. Angeweza kupiga kelele hapo hapo, na nusura apige. Lakini alimwona Sylvi, akaona kwamba yeye hahesabu wiki. Alikuwa anahesabu kitu kingine, kirefu zaidi.

"Mjinga wewe," akasema polepole kwenye simu.

"Ndiyo," Tauno akasema.

"Basi irudishe. Chukua kalamu. Andika: aliiacha bunduki barafuni." Aliigonga mbao kwa kidole. "Halafu andika kwamba alirudi nyumbani kwa miguu yake, na Februari iliyofuata akapata binti. Yote yaandike pamoja, usiyatenganishe. Ukimaliza nisomee."

Hakukata simu. Wakakaa, yeye na Aimo, wakimsikiliza mzee yule akifungua droo moja baada ya nyingine, akitafuta kalamu.